Mzazi anapomuumiza mtoto wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kwenye vikundi vya wazazi, nje ya ofisi za ustawi wa jamii, na mara nyingi zaidi kwa ujumbe wa usiku kutoka kwa mtu asiyetaka jina lake lijulikane. Nimeyajibu kama ninavyowajibu wanaokaa mbele yangu. Kama muda huu kuna mtoto anayeumizwa karibu nawe, acha kusoma upige 116. Ni bure, Bara na Zanzibar. Kenya nako namba ni hiyohiyo.

Kumchapa mtoto na kumtesa, mpaka uko wapi?

Wanaouliza hivi wengi wanataka kipimo: fimbo ngapi, nene kiasi gani, sehemu gani ya mwili. Kipimo hicho sikitoi. Wazazi wengi niliokaa nao baada ya mtoto kulazwa walianzia kwenye kofi moja, na siku ya tukio hakuna aliyekusudia kufika alipofika. Mkono wenye hasira hauhesabu.

Tena kipigo ni upande mmoja tu. Yupo mtoto asiyeguswa hata kwa ukucha lakini kila siku anaambiwa ni mkosi, ni mzigo, anafanana na baba yake mlevi. Yupo anayelala njaa na chakula kipo kwa sababu si mtoto wa kumzaa. Yupo anayefungiwa ndani mchana kutwa. Na yupo anayeingiliwa na mtu anayemwita baba au mjomba. Yote hayo ni ukatili.

Sheria inasemaje?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kifungu cha 13 kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha. Kinasema pia kwamba adhabu iliyozidi kiasi kwa aina au ukali, ukizingatia umri na hali ya mtoto, haina utetezi. Wala huna utetezi ukimwadhibu mtoto asiyeweza kuelewa anaadhibiwa kwa nini. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyejikojolea haelewi. Anayevunja masharti hayo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote pamoja, na akijeruhi vibaya anakutana na Kanuni ya Adhabu, ambayo ni nzito zaidi. Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya 2011.

Utaona kwamba neno “kiasi” limeachwa wazi, na mlango huo wengi wanautumia. Kenya waliufunga: ibara ya 29 ya Katiba yao ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko, na mtoto ni mtu. Kwa maoni yangu na sisi tunapaswa kufika huko.

Mbona sisi tulichapwa na tumekuwa watu?

Tumekuwa watu, ndiyo. Lakini kaa na watu hao usiku, wakishaacha kutaniana, uwaulize siku wasiyoisahau ya utoto wao. Wengi watakutajia kipigo, na watakuambia hata nguo waliyokuwa wamevaa. Kosa lenyewe wamelisahau.

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, kwa ushirikiano na UNICEF, CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wa kike na wa kiume, walisema walipata ukatili wa kimwili. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walipata ukatili wa kingono. Hao ndio sisi tuliokuwa watu.

Methali nayo huletwa mezani: mchelea mwana kulia hulia yeye. Isikilize vizuri. Kuchelea ni kuogopa. Methali inamsema mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe, asiyeweza kumkatalia jambo. Fimbo haimo. Samaki mkunje angali mbichi pia: aliyewahi kukunja samaki anajua kwamba anakunjwa taratibu, ukitumia nguvu anakatika.

Nitajuaje kwamba mtoto wa jirani anaumizwa na si utundu tu wa kuanguka?

Linganisha jeraha na maelezo. Hadi miaka ya 1950 madaktari wengi huko Marekani walikuwa wakipokea watoto waliovunjika mifupa na kuandika “ameanguka”. Mwaka 1962 Dk. C. Henry Kempe na wenzake wa Colorado wakaandika wazi kwamba baadhi ya watoto hao walipigwa na wazazi, na kwamba picha za eksirei zilionyesha mivunjiko mipya kando ya mingine iliyokwisha kuunga. Hadithi ya kuanguka mara moja haiwezi kueleza mifupa iliyovunjika kwa nyakati tofauti.

Mtoto anayecheza huumia magoti, viwiko, ugoko, paji la uso. Jeraha la sikio, shingo, mgongo, makalio au mapaja kwa ndani linahitaji maelezo ya kutosha. Waya uliokunjwa huacha alama ya kitanzi. Maji ya moto yaliyomwagika kwa bahati mbaya huacha michirizi isiyo na mpangilio. Mguu uliotumbukizwa kwa nguvu huungua sawasawa kama umevishwa soksi. Na mtoto ambaye hajaanza kutambaa ni nadra sana kujiponda mwenyewe.

Dalili nyingine hazionekani kwenye ngozi. Mtoto anayeganda mlango unapofunguliwa. Anayechelewa kurudi nyumbani kila siku bila mchezo wa maana. Anayejikojolea tena akiwa darasa la tatu. Yeyote kati ya hawa anaweza kuwa na sababu nyingine, kwa hiyo muulize kwa upole mkiwa peke yenu, usimhoji kama askari.

Inakuwaje mzazi amchome mwanawe vidole kwa kuiba mboga? Huyo si ana shetani?

Nakuelewa unavyouliza hivyo. Lakini ukimwita shetani umeshafunga njia ya kumfikia, na mtoto kesho atarudi kwake.

Nikikaa na mzazi wa namna hiyo, mara nyingi mambo haya huwa yamelundikana. Hela haitoshi, na mboga iliyoibwa ilikuwa ya watu sita. Hana mtu mzima wa kusaidiana naye. Anakunywa, au anayeishi naye anakunywa. Anapigwa na mume. Anaugua sonona bila kujua kuwa ni ugonjwa. Anasema tu “nimechoka” au “moyo mzito”. Halafu kuna jambo ambalo nimelisikia karibu kwa kila mmoja: anaamini mtoto anafanya makusudi. Mtoto wa miezi minne analia “kunikomoa”. Wa miaka miwili amemwaga uji “kwa dharau”. Ukishaamini kwamba mtoto ni adui, adhabu ya adui inafuata. Sehemu kubwa ya tiba ni kuivunja imani hiyo.

Umaskini peke yake hauelezi ukatili. Nyumba nyingi za maskini wa kutupwa hazina mtoto anayeumizwa, na ndani ya mageti ya chuma wapo.

Mimi mwenyewe nilipigwa sana utotoni. Ina maana lazima nitampiga mwanangu?

Hapana. Mwaka 1987 Joan Kaufman na Edward Zigler wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo wakakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya walioteswa utotoni huwatesa watoto wao. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya watu wengine, lakini inabaki asilimia 70 hivi ambao hawafanyi hivyo. Waliosalimika mara nyingi walikuwa na mtu mzima mmoja aliyewapenda wakiwa wadogo, au mwenzi mwema ukubwani, au walipata tiba. Na walikuwa na uwezo wa kusema wazi “niliyofanyiwa yalikuwa mabaya”. Anayesema “nilistahili” ndiye ninayemhofia.

Jana nimempiga mwanangu mpaka nikaogopa. Nifanye nini?

Kwanza mtazame mwili. Kama alipoteza fahamu, anatapika, ana usingizi usio wa kawaida, anashindwa kusogeza kiungo, ameungua, au kipigo kilifika kichwani au tumboni, mpeleke hospitali sasa hivi na useme ukweli. Najua unaogopa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, na polisi wenyewe. Daktari asiyejua tumbo lilipigwa anaweza kumpa panado akarudi nyumbani kufa.

Kama ni mtoto mchanga na ulimtikisa, usisubiri dalili. Shingo yake haijaweza kushika kichwa. Ukimtikisa, ubongo unagonga ndani ya fuvu na mishipa midogo inakatika. Anaweza kupofuka au kufa bila hata mchubuko mmoja kwa nje.

Pili, leo usibaki naye peke yako. Mwite dada yako, mama yako, jirani unayemwamini. Mwambie hivi: “Nimempiga mtoto vibaya, naogopa nitarudia, njoo ukae nasi.” Ni maneno machungu kutamka, na aliyeyatamka ameshafanya kitu kikubwa.

Tatu, toa vitu nyumbani: waya uliokuwa ukining’inia mlangoni, ule mkanda, fimbo ya juu ya kabati. Mkono hushika kilicho karibu.

Nne, panga utakachofanya hasira ikipanda tena, kwa sababu itapanda. Mtoto mchanga akilia bila kunyamaza na umeshamlisha na kumbadilisha, mlaze chali mahali salama, toka nje ya mlango, hesabu dakika tano au kumi, rudi. Kilio hakimuui. Kwa mkubwa, toka wewe uende uani, nawa uso, mwambie “tutaongea baadaye”. Kisha nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako, au piga hiyo 116 kwa ajili yako mwenyewe.

Nikijipeleka mwenyewe, si nitafungwa na mtoto achukuliwe?

Siwezi kukuahidi kwamba hakuna hatua za kisheria; inategemea mtoto ameumia kiasi gani. Ila mzazi anayejileta kabla jeraha halijawa kubwa huanza na mazungumzo na mpango wa familia. Sheria yenyewe inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi wake, na kumwondoa ni pale tu kubaki kunapomhatarisha. Mahakama ya Watoto inaweza kutoa amri ya kumweka kwenye malezi mengine, au amri ya usimamizi ambapo anabaki nyumbani na afisa ustawi anafuatilia. Huanza kutafutwa ndugu, kisha mlezi wa kuaminika aliyeandaliwa na halmashauri. Kituo cha kulelea watoto huwa mwisho.

Hiyo tiba ya wazazi ni nini hasa? Ni kupewa mawaidha?

Mawaidha tumeyatoa miaka mingi. Mzazi anaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa, anasemwa na wazee, anainamisha kichwa, anaomba radhi, anaondoka. Wiki ya pili mtoto anamwaga tena maziwa, na mzazi hana kipya mkononi zaidi ya kile alichokatazwa. Tiba inayofanya kazi humpa mzazi kitu cha kufanya, na kumfanyisha mazoezi mpaka kimkae.

Mfano ninaoupenda ni ule uliobuniwa na Sheila Eyberg huko Marekani miaka ya 1970, tiba ya mzazi na mtoto wakiwa pamoja. Mzazi anaketi chumbani na mwanawe na vitu vya kuchezea. Mtaalamu yuko nyuma ya kioo, anawaona wasimwone, na anaongea na mzazi kupitia kifaa kidogo sikioni. Awamu ya kwanza mzazi anafuata tu mchezo wa mtoto: hatoi amri, haulizi maswali, hakosoi. Anataja anachokiona (“unapanga matofali mekundu juu”) na kusifu kitu mahususi. Sikioni anasikia “vizuri, hapo umemsifu”, “liache hilo, lipite”. Awamu ya pili anajifunza kutoa agizo: moja, fupi, kwa sauti ya kawaida, linalotekelezeka, halafu kungoja, halafu kufuatisha kile alichosema kitafuata, bila kupiga.

Watu hucheka wakisikia kwamba mzazi aliyemvunja mtoto mkono anafundishwa kucheza. Basi tazama matokeo. Mwaka 2004 Mark Chaffin na wenzake walichapisha utafiti wa Oklahoma uliohusu wazazi 110 waliothibitika kuwaumiza watoto. Waliopata tiba hii, wakiwa wametanguliziwa vikao vya kuwaamsha ari ya kubadilika, asilimia 19 waliripotiwa tena kwa ukatili katika ufuatiliaji wa siku kama 850. Wale waliopelekwa kwenye darasa la kawaida la malezi, asilimia 49. Kundi la tatu lilipata tiba hiyohiyo pamoja na huduma nyingine nyingi juu yake, na halikufanya vizuri zaidi ya lile la tiba peke yake. Hilo lilinifundisha mengi: mzazi aliyeelemewa ukimrundikia ratiba, unamwelemea zaidi.

Huku kwetu kioo na vifaa vya sikioni viko wapi?

Mahali pengi havipo, na si lazima viwepo. Kwenye vikundi tunafanya kwa kuigiza. Mama mmoja anakuwa mtoto aliyepoteza hela ya dukani, mwingine anakuwa mama mwenye hasira, wengine tunatazama. Kisha wanabadilishana. Baba mmoja alipocheza nafasi ya mtoto, akasimamiwa na mtu mzima anayefoka, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema, “Kumbe ukiwa chini hivi husikii hata unaloambiwa.” Hakuna somo langu lililowahi kufika alipofika yeye siku hiyo.

Programu za malezi za Parenting for Lifelong Health, ambazo WHO, UNICEF na vyuo vikuu kadhaa vilisaidia kuziandaa, zinafuata njia hii ya vikundi. Ile ya familia zenye vijana ilijaribiwa Eastern Cape, Afrika Kusini, kwa familia 552 na vikao 14, na ikaletwa Tanzania kwa jina la Furaha. Shinyanga nako mafunzo ya malezi yalijaribiwa vijijini pamoja na mafunzo ya kilimo biashara. Wanaoongoza vikundi vya aina hii mara nyingi ni watu wa jamii hiyohiyo waliofundishwa, si wataalamu wa kutoka mbali.

Kazi ya nyumbani hutolewa kila kikao. Ya kwanza karibu kila mahali ni ileile: dakika chache kila siku na mtoto mmoja, yeye akichagua mnachofanya. Hata kuchambua mchicha pamoja kunatosha, ili mradi usimkosoe.

Pembeni ya kikundi, kinachomla mzazi nacho kitibiwe. Sonona na ulevi vinatibika. Anzia kituo cha afya uombe rufaa ya huduma ya afya ya akili. Nimeona mama akiacha kupiga baada tu ya kuanza kupata usingizi.

Mume wangu ananipiga mimi na watoto. Twende kwenye tiba pamoja?

Msianze pamoja. Ukisema ukweli mbele yake, nyumbani utaulipia. Anza na usalama: Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii mnawakuta mahali pamoja. Yeye atapewa nafasi yake ya kubadilika, akiwa peke yake.

Na kama ni ukatili wa kingono?

Hapo hakuna kikao cha familia, hakuna faini ya ng’ombe, hakuna “tuyamalize wenyewe”. Ni jinai. Mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, afikishwe hospitali ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora, ili apate dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Programu za malezi nilizozieleza hazikutengenezwa kwa ajili ya mtu aliyembaka mtoto.

Ndugu wanaokusanyika kumwombea msamaha mjomba wajue kwamba mtoto yuko chumba cha pili anasikia.

Nikiripoti, ukoo utanitenga.

Inatokea, na inauma. Unaweza kupiga 116 bila kutaja jina lako. Lakini kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji unapojua mtoto anadhulumiwa ni wajibu ambao Sheria ya Mtoto imempa kila mwanajamii, shangazi na mama mkwe wakiwemo. Mweleze afisa ulichokiona kwa macho na lini, uyaache uliyoyasikia.

Tiba huchukua muda gani, na mzazi asipotaka?

Vikao kumi hadi kumi na vinne hivi, mara moja kwa wiki, kwa programu nyingi. Wanaoletwa kwa amri huja wamenuna, na wengine hubadilika hivyohivyo. Mimi huwauliza kwanza wanataka mtoto wao akiwa na miaka 25 awakumbuke vipi. Akikataa kabisa, au akija huku kipigo kinaendelea, mtoto hawezi kuwa uwanja wa mazoezi. Alindwe kwanza kwingine.

Mtoto naye atahitaji tiba?

Wengine watatulia nyumba ikitulia. Anayeota ndoto za kutisha, anayejiumiza au aliyegeuka bubu ghafla anahitaji msaada wake mwenyewe. Ushauri wa kuwasaidia watoto kukabili kumbukumbu za kutisha umejaribiwa kwetu: utafiti uliochapishwa 2020 ulifuatilia watoto yatima 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, na waliotoa huduma walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Haukufaulu sawasawa kila mahali, lakini ulionyesha kwamba hatulazimiki kungoja mpaka kila wilaya ipate mwanasaikolojia.

Nimwombe mtoto msamaha? Kwetu mkubwa haombi radhi kwa mdogo.

Hili huleta ubishi kila kikundi. Hofu yao ni kwamba mtoto atapanda kichwani. Ninachokiona ni tofauti: mtoto aliyepigwa na asielezwe kitu huamua mwenyewe kwamba yeye ni mbaya.

Usimwombe usiku uleule huku unalia; utamfanya akubembeleze wewe. Ngoja utulie. Kaa chini, macho yawe sawa na yake. Usiseme “nisamehe lakini na wewe”. Usimwombe asahau, wala usimlipe kwa soda. Sema kama baba mmoja alivyofanya mazoezi mbele yetu mara tatu kabla ya kwenda kumwambia mwanawe wa miaka tisa: “Jumapili nilikupiga na mkanda. Kupoteza hela lilikuwa kosa, tutaliongea. Kukupiga vile lilikuwa kosa langu, si lako. Mkanda nimempa babu. Nikikasirika tena nitatoka nje, na nitarudi.”

Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Utarudi saa ngapi?”